Nilivyofungua foil mbele ya ukoo mzima kule Kinole (msiotuelewa wachimbaji wa mambo ya kale, someni)

Wakuu, heshima kwenu mliotutangulia jukwaani. Haya yamenitokea mwenyewe. Chumvi siongezi, hata nguvu ya kuongeza chumvi sina. Nipo chumbani kwangu Bigwa, magoti yanauma, na kucha zina udongo ulioishinda sabuni.

Kazi yangu ni akiolojia. Najua mnachowaza. Hapana, dhahabu sijawahi kuiona.

Kazi yenyewe iko hivi: unapiga magoti shimoni, unakwangua udongo kwa mwiko wa fundi ujenzi, unachekecha, unaokota vigae vya vyungu, unaandika. Mvua ya Uluguru ikija unafunika turubai. Ikikatika unachota maji shimoni kwa kopo. Kesho tena hivyo hivyo.

Msimu huu tulichimba Kinole, kwenye shamba la Mama Perpetua, mjane anayelima ndizi na pilipili manga. Kona ya shamba alitupa bure, na uji wa asubuhi akatuletea.

Sasa balaa.

Chini kabisa ya shimo tukakuta jiko la zamani, mafiga na mkaa wake. Mkaa huo ndio unaopimwa maabara kujua watu waliishi pale lini, so tunautunza kama mboni ya jicho. Haushikwi kwa mkono, vipimo vinaharibika. Unafungwa kwenye foil, ile ile ya kufungia chips. Tulipata vipande vidogo vitatu tu. Tukavifunga, jua likapiga, vikang'aa.

Mpita njia akaona. Jioni kijiji kizima kinasema Mama Perpetua kauza dhahabu ya Mjerumani.

Mnaowajua Waluguru mnajua, ardhi ni ya ukoo na inapita upande wa mama. Mjomba wake Mama Perpetua, Mzee Kasiani, akaitisha kikao: atoe mgawo wa ukoo au atoke shambani.

Uji ukakoma. Nilimfuata jikoni kwake, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mmenifanyia nini?" Wakuu, niliumia.

Bosi wangu akasema kwa simu niwaite wananchi, niwaelezee kazi zetu za kila siku. Haya. Nikabandika mabango, nikaonesha chekeche, nikahubiri vigae mpaka koo likakauka. Watu wamekunja mikono tu.

Mzee Kasiani nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nilipomaliza akasema, "Binti, maneno tumeshiba. Kile king'aacho kiko wapi?"

Nikampigia bosi. Akasema nisithubutu kufungua, wakiushika tu msimu mzima umekula kwetu. Nikamtazama Mama Perpetua. Alikuwa kasimama peke yake kwenye migomba, hata dada zake wa tumbo moja hawamsogelei.

Nikafungua. Vyote vitatu.

Mkaa ukapita mkono kwa mkono. Huyu ananusa, yule anausugua, mwingine kaung'ata kabisa, jamani! Ulipomfikia Mzee Kasiani ulikuwa umebaki weusi tu vidoleni.

Akautazama mkono wake. "Mkaa?"

"Mkaa, mzee."

"Mmetoka mjini kote huko, mmekaa kwenye matope, kwa ajili ya mkaa?"

"Ndiyo, mzee."

Watu wakaangua kicheko, hata mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananilenga. Mzee akamgeukia mpwa wake. "Perpetua, wageni wako hawa wape gunia la mkaa, wasiendelee kuteseka."

Kikao kikaishia hapo. Dada zake wakamfuata kwenye migomba. Asubuhi uji ukaja.

Bosi mpaka leo hapokei simu yangu, na mkataba wangu sijui utakuwaje. Kilichonichosha hata si kuchimba, ni kujieleza.

Funzo nililopata: tungewaita watu shimoni tangu siku ya kwanza, wakauona ule mkaa mweusi kabla haujafungwa, hayo mabango yasingehitajika. Sisi tulijifungia na turubai letu, halafu tukashangaa watu kutunga yao.

Haya, mwagikeni wakuu. Ungekuwa wewe ungefungua? Wa kunisema pia karibuni, hasira sina, nimechoka tu.

Na lile gunia lililetwa kweli. Ndilo linalochemsha chai yangu sasa hivi.