Kijumba cha Tatu

Kisiwani kwao, kaskazini mwa Norwe, bata wa baharini akishaingia kwenye kijumba alichojengewa ili aache humo manyoya yake laini, binadamu hujikunyata. Hakuna kuanika nguo, hakuna kuvaa nyekundu, hakuna sauti kuzidi mnong'ono, na kijumba hakifunguliwi mpaka vifaranga watoke. Gudveig alilelewa hivyo, na kwa miaka sabini na moja hakuwahi kuuvunja mwiko huo.

Zamani vijumba vyake vyote vilijaa. Mwaka jana alikuja bata mmoja tu, jike. Silje, mtafiti kijana mwenye adabu zake, akampandikizia bata yule kifaa tumboni, kisha akamfundisha Gudveig kumfuata kwa setilaiti kwenye simu. Basi majira yote ya baridi bibi wa watu alilala na nukta ile, akaamka nayo. Nukta ikikaa siku mbili bila kusogea, hata kahawa haimpiti kooni. Maana alikwisha kumwahidi binti yake: mwaka huu asipokuja hata bata mmoja, atafunga nyumba ahamie mjini.

Jirani yake pekee aliyebaki kisiwani alikuwa Hilmar, kaka yake, mvuvi. Tangu aisikie ahadi ile, Hilmar alinuna.

Mwishoni mwa Aprili nukta ikapanda kaskazini, ikazungukazunguka kwenye ghuba anakotega Hilmar, na asubuhi moja, hiyooo, juu ya kijumba cha tatu. Gudveig alilia jikoni kwa furaha, kimyakimya. Akavaa sweta ya kijivu, akaziacha shuka mbichi ndani ya beseni, akampigia binti yake kumwambia hahami ng'o. Hilmar alipokuja kunywa kahawa naye alinong'ona, macho chini, keki hakuigusa. Gudveig akamtania kwamba uzee umemfanya amche bata kuliko mchungaji.

Siku ya tisa Silje akapiga simu. Alisitasita, kisha akaeleza kwamba kifaa kile hupima na joto la mwili.

"Mama Gudveig, bata wako ni wa baridi. Tangu siku aliyofika."

Gudveig alikwenda akafunua ubao wa paa. Bata alikuwa amelazwa juu ya mwani mkavu, mbawa zimekunjwa vizuri, shingoni alama ya uzi wa wavu. Hasira zilimpanda. Alipogeuka, Hilmar alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Alinasa kwenye wavu wangu, dada. Nimemkuta keshakufa maji. Na wewe ulisema asipokuja, unaondoka."

"Ukaona unikalishe hapa nalinda maiti. Mpaka lini, Hilmar?"

"Sikufikiria mbali hivyo. Nilitaka ukae tu."

Gudveig alirudi ndani, akazitoa shuka zilizokwisha kunuka uvundo, akazianika nje pamoja na gauni lake jekundu. Kisha akamwita kaka yake kwa sauti, sauti kubwa ambayo mwezi wa Mei haukuwahi kuisikia kisiwani, aje amshushie masanduku darini.