Nilitoa moyo wa kompyuta ya kanisa, msichana akafukuzwa kazi

Admin, jina langu usiweke, na yule dada nimembandika jina la Ndinda ili asijulikane. Mimi ni mwanamume wa Kitui, nakaribia miaka hamsini. Nina mke na watoto watatu, na duka la kompyuta hapa mjini. Watu wananiheshimu. Hiyo heshima ndiyo inaninyima usingizi.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa kijana nimemaliza shule, sina kazi. Mjomba wangu aliniletea kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja Nairobi. Nikakodisha chumba nyuma ya kinyozi, vijana wakawa wanalipa kucheza mpira na mbio za magari kwenye skrini. Nilijilisha na nikamlisha mama yangu.

Halafu michezo mipya ikatoka na mashine yangu ikashindwa kuibeba. Picha zinakwama, gari linaruka kama panzi. Jamaa mwingine akafungua karibu na soko na mashine ya kisasa, vijana wote wakahamia kwake. Nikaenda Nairobi na akiba yangu yote kununua processor ya nguvu, ile chipu iliyo kama ubongo wa kompyuta. Fundi akaniangalia kwa huruma. "Kijana, hii haiwezi kukaa kwa motherboard yako. Ukibadilisha moja, lazima ubadilishe zote mbili." Motherboard ni ile bodi kubwa ya ndani inayoshikilia kila kitu. Pesa yangu haikutosha kununua hata moja iliyo nzuri. Nikarudi Kitui mikono mitupu.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na kompyuta mpya, zawadi ya wageni. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa kuiangalia kwa sababu hakukuwa na mwingine anayejua. Aliyeitumia alikuwa Ndinda, msichana wa kutoka Nuu, karani wa kanisa. Mpole, mwenye bidii. Wazee walikuwa wamemuahidi kumlipia masomo ya ukarani Nairobi mwaka uliofuata.

Jumamosi moja alasiri nilisema nakuja kusafisha mashine. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi chumba cha pili. Nikafungua ile kompyuta, nikatoa motherboard na processor yake, nikaweka zangu za zamani nilizokuja nazo kwa mfuko. Kwa nje ilikuwa ile ile. Nilijiambia ni miezi miwili tu, nikipata pesa nitarudisha. Ndinda akaingia na chai na mandazi.

"Fundi, kunywa kwanza. Na hiyo iko mezani ni nini?"

"Ni bodi, naipanguza vumbi."

"Mungu akubariki," akasema, akaenda kuimba.

Jumatatu akaniita. "Kaka, hii mashine sio ile. Barua moja inachukua asubuhi nzima. Mambo mengine hata haifungui."

"Ni ile ile, dada. Labda umeijaza vitu."

Akasema hivyo hivyo kwa wazee, kwamba mashine sio ile. Wakamcheka. Waliiona pale, kava ni ile, kioo ni kile. Wakaniita kwenye kikao kama mtaalamu. Mzee mmoja akauliza, "Fundi, shida ni nini?" Ndinda alikuwa ameketi karibu na mlango, ananiangalia kama mtu anayejua atatetewa.

Nikasema, "Inaonekana imetumiwa vibaya."

Maneno matatu, watu wangu. Akasema, "Lakini mimi nilifungua tu kama kawaida." Wiki hiyo akaachishwa kazi, na masomo yakaishia hapo. Akarudi kwao Nuu kulima.

Vijana walijaa tena kwangu. Miezi miwili ikawa mwaka. Nilipopata pesa, nikanunua motherboard na processor nyingine, nikaziweka kwa kompyuta ya kanisa, nikasema ni sadaka yangu. Niliitwa mbele, nikapigiwa makofi. Sikutaja jina la Ndinda hata mara moja.

Miaka imepita. Mwaka jana Ndinda alihamia hapa mjini kwa binti yake na akarudi kanisani kwetu. Juzi walikuja dukani kwangu kununua laptop ya yule binti, anaingia chuo. Binti akamwambia, "Mama, shika basi uone ilivyo nyepesi." Ndinda akarudisha mikono nyuma haraka.

"Mimi vitu hivi huharibika mikononi mwangu," akasema, akicheka. "Muulize huyu mjomba wako, anajua. Niliharibu ya kanisa na yeye ndiye aliyeitengeneza kwa pesa yake."

Nilidhani kwa miaka hii yote ananichukia, au angalau anashuku. Kumbe alishajihukumu mwenyewe. Nikawauzia ile laptop kwa bei ya chini, na akanishukuru. Kushukuru kwake kuliniumiza kuliko tusi.

Nilimwambia mke wangu yote. Alilia, kisha akasema, "Baba watoto, nyamaza. Mwezi ujao unawekwa mzee wa kanisa. Watoto wetu watatembea wapi mjini hapa? Huyo mama ameshasahau." Lakini hajasahau. Mtu aliyesahau hawezi kuogopa kugusa laptop ya mtoto wake. Na isitoshe, nimeambiwa ni Ndinda mwenyewe aliyesimama kwa kikao cha akina mama akapendekeza jina langu.

Nikimwambia yeye peke yake, wale waliomcheka watajuaje ukweli? Nikisema mbele ya kanisa, nawavunjia heshima mke wangu na watoto ambao hawana kosa lolote. Nikinyamaza, nitawekewa mikono kichwani huku yeye akipiga makofi kwa safu ya tatu.

Wenzangu, mnitukane kama mnataka, nimestahili. Lakini mkimaliza, niambieni: nianzie wapi, kwa Ndinda au kwa kanisa?