Kete Zisizong'aa

Mashine yangu ya mawe iko kwenye kibaraza cha nyuma, hapa mtaani kwetu Kibeta, karibu na bomba, kwa sababu inakunywa maji na kutema tope. Ni sahani bapa ya chuma iliyolala, inazungushwa na mota, na juu yake unabandika diski yenye chembe za almasi. Unaanza na diski kali inayokwangua, unamaliza na ile laini inayong'arisha. Kazi yako ni kushika jiwe lisikuponyoke na kuangalia chupa ya maji isikauke, maana jiwe likishika moto linapasuka. Niliinunua kwa sonara mmoja wa Mwanza aliyekuwa anafunga duka, ikaja kwa meli, na tangu hapo majirani wananiita Mama Mashine. Waniite tu.

Mawe yenyewe analeta kaka yangu. Yeye ananunua dagaa kisiwani Goziba, na kila akirudi hakosi mfuko wa mawe ya ufukweni. Wavuvi wa kule wanamcheka: wenzake wanashuka na samaki, yeye anashuka na mawe. Mimi natengeneza vidani. Wapo wanaovivaa kanisani Jumapili, na wapo wanaosema nimepungukiwa.

Basi Tata, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba, alipata kiharusi kijijini Muleba, tukamleta kwangu. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, na ukali wake wote. Mkono wa kulia ndio uliobaki mzito, vidole havifungi sawasawa. Mwingine angesema si haba, lakini Tata ni mtu wa bao. Kule Muleba watu walitoka vijiji vya jirani kuja kufungwa naye. Bao lina kete sitini na nne, unazichota shimoni na kuzigawa moja moja, na kete zake zilikuwa mbegu ndogo za mviringo. Sasa kila akichota, zinamwagika.

Utauliza, kwani hana mkono wa kushoto? Jaribu wewe kumwambia! Mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haupokei kitu, na mbele ya mzee mwenzako haugusi bao. Nilithubutu mara moja tu. "Chonka iwe!" alinifokea kwa Kihaya, yaani, lakini wewe! "Unataka nimtukane mwenzangu?" Na habari ya yeye kutaja shimo huku mtu mwingine akimsogezea kete, hiyo hakutaka hata kuisikia.

Huyo mwenzake ni jirani yetu, mwinjilisti mstaafu, mtu mpole kupita kiasi. Upole wake ndio ulioharibu. Alikuja jioni moja wakacheza. Tata anamwaga kete, mwinjilisti anainama kuziokota, na mwishoni akamwachia shimo lililojaa, wazi kabisa, hata mimi nisiyejua bao niliona. Tata akashinda. Halafu akalisukuma bao kwa kiwiko.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Nikifa utaniombea. Leo sijafa, usinihurumie."

Mzee wa watu akachukua kofia yake akaondoka, na hakurudi tena. Kuanzia hapo Tata akawa anashinda kwenye kiti akitazama migomba, chakula anakigusa tu, hagombi hata na mimi. Hapo ndipo nilipoogopa. Tata asiyegomba siyo Tata. Nilimwona anaondoka hivihivi, kidogo kidogo, nami nipo nampikia ndizi.

Nikaamua kumtengenezea kete mwenyewe, za mawe, kubwa kidogo kuliko zile mbegu, zenye uzito wa kumfanya azihisi mkononi. Jiwe dogo ni adha kwenye mashine ile. Linaruka, na kinachobaki kusagwa ni kucha zako. Nililibandika kila moja kwenye kijiti kwa gundi, nikasaga upande mmoja, nikageuza, nikasaga wa pili, nikazipitisha zote kwenye kila diski hadi ile ya mwisho. Jamani, ziling'aa! Nyekundu, kijivu, nyingine zina mstari mweupe katikati. Kaka alipoziona alisema hizo si za bao, hizo ni za kuvaliwa na bibi harusi.

Nikamwekea Tata. Akachota. Zikateleza zote, zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya kabati.

"Umeniletea peremende," alisema, akacheka kicheko kibaya.

Nilizifagia zote, hata za chini ya kabati. Niliumia, tena sana. Nikazitia kwenye bakuli, nikalifunika, na mashine nayo nikaifunika.

Zilikaa humo wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja nilimkuta Tata kibarazani, karibu na mashine, anasugua kijiwe kwa kidole gumba. Nilikitambua. Kilikuwa kimevunjika ukingo kwenye diski ya kwanza kabisa, nikakitupa pale, bapa na chenye mikwaruzo. Alikishika kwa mkono wa kulia, anakigeuza huku na huku, na hakikuanguka. Mwenyewe hakuwa na habari, anawaza yake. Nikarudi ndani kwa kunyata, nikakaa kitandani, nikalia. Kumbe nilichokitilia nguvu zote, ule mng'aro, ndio uliokuwa unamnyima kete.

Siku ileile nikabandika diski kali. Mwenye mashine kama hii anajua kwamba kazi yake ni kwenda mbele, kutoka ukali kwenda ulaini. Mimi nikarudi kinyumenyume. Mng'aro wa siku nyingi ulikuwa unafutika jiwe likigusa tu, tope linashuka jekundu. Nilibakiza nyuso mbili bapa, zenye mikwaruzo, na kingo nikazilainisha zisimkate. Kaka akapiga simu, nikamwambia ninachofanya.

"Unaziharibu!" alipiga kelele.

"Ndiyo, naziharibu. Lete mawe mengine."

Kisha nikaenda kwa mwinjilisti. Nilimwambia aje, na nikamwambia akimwachia Tata hata shimo moja, safari hii atakayemfukuza ni mimi. Alinitazama, akatabasamu, akaniitikia kwa heshima ya Kihaya. "Nimesikia, waitu."

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Tata akachota. Kete zikakaa mkononi. Akazigawa polepole, moja, nyingine, nyingine. Moja ikaanguka. Mwinjilisti hakuinama. Alitazama migomba mpaka Tata alipoiokota mwenyewe. Wakaendelea hivyo, nami nimesimama mlangoni na sahani yenye maji ya sabuni. Mwinjilisti hakumwonea huruma hata kidogo. Alimla shimo baada ya shimo mpaka upande wa Tata ukabaki mtupu.

Tata akapitisha kidole kwenye mashimo yake matupu.

"Umenifunga," alisema.

"Nimekufunga."

"Kwelikweli?"

"Kwelikweli, mzee mwenzangu."

Tata akageuka kunitafuta, uso wote umechangamka, akapaza sauti mpaka majirani wakasikia: "Wewe! Umesikia? Nimefungwa!"

Kisha akaunyoosha mkono wa kulia, akaanza kupanga kete upya.