Theluji Juu ya Mkate wa Ufuta

Harufu ya ufuta ukiungua juu ya makaa hunitia haya mpaka leo. Wenzangu ikiwafikia humeza mate wakakumbuka Ramadhani za kwao. Mimi hutazama chini. Ilikuwa Edmonton, London, mwaka wa tatu tangu tuihame Unguja baada ya Mapinduzi, nami nina miaka kumi. Mama alikuwa na jiko la gesi zuri tu, lakini weee, umwambie apike mkate wa ufuta kwenye gesi! Mkate ule huubandika kikaangoni ukashika, kisha ukakipindua kikaango juu ya makaa ili uso wake uive. Pasipo makaa, alisema, huo si mkate, ni maskhara. Basi kila alasiri ya Ramadhani ile ya baridi alivaa koti, akajitanda kanga juu yake, akachuchumaa uani na seredani yake, lile jiko la makaa, chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo upepo haukumfikia.

Wiki ile theluji ilikuwa imeanguka mara mbili. Ya kwanza ililainishwa na jua, usiku ikaganda paani ikawa kama sahani. Ya pili ikaja juu yake, nene, laini, inapendeza macho. Mzee wa jirani, Mwingereza aliyepanda milima ya theluji ujanani na kupotezea huko vidole viwili, alichungulia juu ya ukuta akanieleza mimi polepole, maana mama Kiingereza hakukijua. Theluji mpya haishikani na barafu iliyo chini yake, alisema. Mlimani huporomoka upande mzima ikafukia watu. Na paa lenu lenye mteremko mkali hivi, tena moto unalipasha kwa chini, litaiachia yote kwa mkupuo mmoja. Mwambie mama yako aondoke hapo sasa hivi.

Nilimwelewa neno kwa neno. Lakini kando yake alisimama mjukuu wake, msichana tuliyesoma darasa moja, akimkodolea macho mama yangu anavyopepea makaa, machozi na kamasi zikimchuruzika kwa moshi. Niliona haya, Mungu anisamehe. Nilijua nikitafsiri, mama atauliza hili na lile, atacheka kwa sauti, atawakaribisha mkate, na kesho darasa zima litajua. Nilitaka waondoke tu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema baridi kali leo."

"Mwambie ni kweli, baridi hii haina adabu." Akamtabasamia mzee. Nami nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama amesikia, anaondoka. Mzee akaingia kwake, mimi nikaingia kwetu.

Sikufika jikoni. Juu palisikika kitu kizito kikiburutwa, kisha kishindo, kisha kimya. Uani hapakuwa na mama. Palikuwa na lundo jeupe na ncha ya kanga. Mzee aliuparamia ukuta na beleshi lake, tukafukua, mimi kwa mikono mitupu, nikilia. Tulimtoa hai, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Mzee akanitazama mimi. "Si nilikwambia?" alisema. Mama, meno yakimgongana, akauliza tena anasemaje.

"Anakupa pole," nikasema.

Mkono ule uliunga vibaya, haukugeuka tena, na kupindua kikaango ni kazi ya kifundo. Mama hakupika tena mkate wa ufuta. Tulifuturu kwa mkate wa dukani, na maji yakimwagika hayazoleki.

Leo natafsiri hospitalini, ndiyo kazi yangu. Siruki neno, hata matusi nayafikisha. Watu wakinisifu kwa uaminifu hutamani ardhi inimeze. Mwaka jana, theluji kiduchu ikianguka nje ya dirisha, hatimaye nilimweleza mama yote. Sasa ni kikongwe, ila akili zake timamu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikisugua kile kifundo.

"Nilimwona yule mzee akinyoosha kidole paani," alisema. "Nikajiambia, ingekuwa hatari, mwanangu angeniambia."