Vyuma vya Ndani ya Mlango

Siku ile ya mbio za magari za Ramisi haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu jana wewe na wenzako mlipokuja gerejini kwangu, imerudi na uchungu wake wote. Mliniuliza, tena mkicheka, vipi mtatia injini kubwa katika gari la daraja la kawaida mkaguzi asijue. Jibu langu ni hili.

Zamani hizo nilikuwa fundi kijana hapa Ukunda. Mbio zilifanyika katika njia za vumbi za mashamba ya miwa yaliyokufa, na kanuni za daraja letu zilitosha kwenye ukurasa mmoja: gari liwe vile lilivyotoka kiwandani, na uzito wake usipungue. Basi. Mwalimu wa shule alifundisha Ijumaa na kushindana Jumamosi kwa gari lile lile. Watu walitoka Mwabungo hadi Jego kuja kushangilia magari wanayoyajua.

Mimi na rafiki yangu Salimu, dereva wa teksi huko Galu, tulikuwa tukimaliza wa tatu kila mara. Nafsi yangu haikutosheka. Nikakata vyuma vilivyo ndani ya milango, vile vinavyomkinga dereva akigongwa ubavuni, ili gari liwe jepesi. Kwenye mizani nikaficha mifuko ya mchanga chini ya kiti cha nyuma, na tulipopita nikaitoa.

"Una hakika, ndugu yangu?" Salimu aliniuliza.

"Wewe endesha. Gari niachie mimi."

Mzunguko wa nne tulikuwa mbele. Kwenye kona, gari la nyuma likateleza, likaligonga letu upande wa dereva. Pigo lenyewe halikuwa kubwa. Ni mlango uliokunjika kama bati, ukamfikia Salimu kwenye nyonga.

Mkaguzi wetu alikuwa Mzee Chirau, fundi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alichungulia ndani ya mlango ule, kisha akaniita. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Mzee wa kwetu asipoitikia shikamoo, mwanangu, ujue umefika pabaya.

"Nani aliyekata?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulidhani kanuni ile niliiandika kwa ajili ya gari? Niliiandika kwa ajili ya mguu wa mwenzako."

Salimu hutembea kwa mkongojo hadi leo. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wangu ulimchoma mwingine.

Wala hayakuishia hapo. Msimu uliofuata waandaaji waliongeza kanuni: fremu ya chuma ndani ya gari, kiti maalumu, mikanda maalumu. Walikuwa na haki, maana hawakuweza kutuamini tena. Kisha wenye nguvu wakadai: ikiwa fremu yaruhusiwa, mbona breki kubwa zikatazwe, mbona gia? Kila kanuni wajanja waliitafutia upenyo, na kila upenyo ukazaa kanuni nyingine. Leo kitabu cha kanuni hakishikiki kwa mkono mmoja, na hilo liitwalo gari la kawaida limebaki na bodi tu. Ndani hakuna hata kiti cha abiria. Mwalimu yule aliacha zamani, na watu wa Jego hawaji tena.

Na nyinyi mwaja kunitaka niongeze tundu jingine katika chombo kilichokwisha kutoboka. Nimekasirika, sifichi. Nimewakasirikia nyinyi, na zaidi yenu, fundi yule kijana aliyejiona mjanja kuliko mzee wake.

Basi sikia, mwanangu. Kanuni usiyoielewa, iulize kabla hujaikata; huenda kuna mtu anayepumua kwa sababu yake. Ukiiona mbaya, simama mbele ya walioiandika uipinge kwa mdomo wako, si kwa msumeno. Na ushindi wa kuficha usiutamani, kwani njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwake mara nyingi hulala mtu asiye na kosa.

Mola akurudishe kwa mama yako na viungo vyako vyote, akupe mkono mwaminifu na rafiki asiyeumia kwa ajili yako, na ushindi utakaoweza kuusimulia bila kuinamisha uso. Amin.