Wakasema Faili Halipo

Mtaalamu wa kompyuta alikuja kutoka mjini kisiwani siku ya Jumatatu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na haikupita nusu saa kabla hajaniambia mbele ya kamati nzima kwamba programu yangu haitafunguka kamwe kwenye zile kompyuta kuukuu. Sikumjibu. Mbele yetu kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika mstari mmoja tu: maktaba fulani haikuweza kufunguliwa, faili halipo. Kila mtu aliusoma. Hata mwenyekiti, ambaye miwani yake ni ya Biblia peke yake, aliitoa mfukoni akausoma.

Zahanati yetu ni ya kanisa, iko Changamwe, nyuma tu ya barabara wanayopita malori ya mafuta, na vumbi lao tunalifuta mezani asubuhi na mchana. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi. Wazazi wangu walitoka bara wakaja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa hapa, na sasa naishi Miritini. Shahada sina. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe kwenye laptopu ya mtumba, kwa kusoma vitabu vya bure vya mtandaoni na kukosea, kukosea sana, hadi nikaanza kukosea kidogo.

Kilichonifanya niiandike programu ile ni mvua. Masika yale paa la stoo lilivuja na madaftari ya chanjo za watoto yakaloa. Muuguzi mkuu wetu, mama wa Kigiriama ambaye aliwadunga sindano watoto wa mtaa ule na sasa anawadunga watoto wa watoto hao, alizibandua kurasa moja moja akazianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wino ulikuwa umetawanyika. Wiki hiyo akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, kadi ya kliniki imepotea, na hakuna aliyeweza kusema kama mtoto yule alishapata chanjo ya surua. Muuguzi aliitazama karatasi yenye doa la buluu kwa muda mrefu.

"Mwanangu," muuguzi akaniambia, yule mwenye mtoto alipokwisha kuondoka, "wewe wasema wajua mambo ya kompyuta."

"Najua kidogo, mama."

"Basi nifanyie daftari lisiloloa."

Nikamfanyia. Ilinichukua miezi, saa za chakula cha mchana na Jumapili baada ya ibada. Jina la mtoto, la mama, tarehe ya kuzaliwa, chanjo alizopata, na orodha ya waliopitisha siku zao. Kwenye laptopu yangu ilifanya kazi bila kigugumizi. Nikaitia kwenye flashi, nikaipeleka kwenye kompyuta mbili za zahanati, ambazo tulipewa na ofisi moja iliyofungwa, na huko ndiko ilikokataa kufunguka. Nilikuwa ningali nimeinama juu ya kosa lile kamati ilipoingia pamoja na mtaalamu, aliyekuja kuwashawishi wanunue kompyuta mpya na mfumo wake.

"Dada, hivi ni vyuma chakavu," alisema, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Vyafaa vipelekwe Mwakirunge, jalalani. Usijichoshe. Kazi hii ina watu wake."

Mwenyekiti alikunja miwani yake. "Binti, tukupe mpaka Ijumaa. Ijumaa tunaamua."

Walipotoka, muuguzi mkuu hakunipa pole. Aliniuliza tu: "Hilo faili, ni kweli halipo?"

Sikujua. Na nilipogundua kwamba sikujua, niliona haya kuliko nilivyoona mbele ya kamati. Nilikuwa nimeuamini ule mstari kwa sababu tu ulikuwa umeandikwa.

Programu haibebi kila kitu yenyewe. Kazi ya kuchora madirisha, vitufe na herufi huiazima kutoka mafaili mengine yaliyomo ndani ya kompyuta, yanayoitwa maktaba za pamoja, kwa kuwa programu nyingi hutumia hizo hizo, kama wapangaji wanavyochota maji kwenye mfereji mmoja wa uani. Programu ikianza, huyaita mafaili hayo kwa majina. Moja tu lisipoitika, kazi yote husimama.

Jumanne, baina ya mgonjwa na mgonjwa, nilipekua kompyuta yote nikilitafuta lile jina. Nikalikuta. Lilikuwa pale, limekaa kwenye folda yake, zima, na nilikuwa nimeliweka mimi mwenyewe wiki iliyotangulia. Nilikaa nikilitazama. Sijui kama msomaji amewahi kuambiwa mbele ya watu kwamba hana kitu ambacho amekishika mkononi. Nilikasirika, nayo hasira ile ilinifaa kuliko vitabu vyote nilivyosoma mwaka ule, maana ilinifanya niache kuomba na nianze kuuliza maswali.

Swali lilikuwa hili: kama lipo, anayesema halipo anatafuta wapi? Jibu nililipata mchana. Kompyuta haitafuti kila mahali. Ina folda chache ilizozizoea, na orodha iliyokwisha kuandikwa ya maktaba zilizomo. Lisilo kwenye orodha, kwake ni kama halikuzaliwa. Maktaba yangu nilikuwa nimeiweka kwenye folda isiyo ya kawaida, na orodha hiyo hakuna aliyewahi kuambiwa aiandike upya. Kuna amri moja fupi ya kuifanya upya. Niliiandika, nikafungua programu tena.

Kosa lile likaondoka. Likaja jingine, lenye jina la maktaba nyingine.

Hapo nilicheka peke yangu, na mgonjwa mmoja aliyekuwa benchini akanitazama kwa wasiwasi. Lakini nilikuwa nimeshajifunza. Kuna amri nyingine inayoorodhesha maktaba zote ambazo programu inazitegemea, na mbele ya kila moja huandika mahali ilipo, au huandika kwamba haikupatikana. Badala ya kungoja makosa yanijie moja moja, niliiandika orodha yote kwenye karatasi. Zote zilikuwa na mahali pake isipokuwa hiyo moja. Hii kweli haikuwapo. Kompyuta ilikuwa na toleo la zamani, programu yangu ikidai jipya.

Jumatano nilifanya kosa langu kubwa. Kwenye jukwaa moja la mtandaoni mtu alikuwa ameandika kwamba dawa ni rahisi: lichukue faili la zamani, lipe jina la lile jipya, programu haitajua. Nikafanya hivyo. Programu ikafunguka. Madirisha yote, vitufe vyote. Muuguzi mkuu alipoona jina la zahanati juu ya kioo alipiga kigelegele kimoja kifupi, akavuta kiti, akataka kuingiza mtoto wa kwanza mwenyewe.

Aliandika kwa kidole kimoja, polepole. Akahifadhi. Kisha akamfungua yule mtoto ili amwone, na tarehe ya kuzaliwa ikaja ya mwaka ambao bado haujafika. Akajaribu mwingine. Wa pili tarehe yake ilikuwa sawa. Wa tatu, programu ikajifunga yenyewe.

Hakupaza sauti. Alitoa mkono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Hii yaweza kumdhuru mtoto wa watu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Afadhali ile iliyokataa kufunguka."

Nililifuta lile jina la uongo yeye akiwa bado amekaa pale, aone. Mstari wa faili halipo ukarudi, na safari hii niliupokea kama ukweli. Kisha nikaenda nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, nikalia kidogo. Sikulia kwa kushindwa. Nililia kwa sababu nilitaka sana mtaalamu aonekane mwongo, mpaka nikakubali kuidanganya mashine, na mashine ikamdanganya mama aliyeniamini.

Alhamisi asubuhi mtaalamu alikuja kupima chumba kwa ajili ya meza mpya. Alikuwa na futi ya chuma. Alinikuta nimekaa.

"Bado wahangaika?"

"Bado."

"Nilikwambia. Hizi mashine hazijui mambo ya leo."

Alisema hayo akiandika kipimo cha dirisha, wala hakujua amenipa nini. Mashine hizi hazijui mambo ya leo. Ni kweli. Na nani aliyeziambia zijue? Mimi. Nilikuwa nimeunda programu kwenye laptopu yangu yenye kila kitu kipya, kisha nikaileta Changamwe nikitaka kompyuta kuukuu iwe kama laptopu yangu. Nilikuwa nimefanya yale yale aliyokuwa akiyafanya yeye na meza zake.

Basi nikaligeuza jambo. Nilichukua maandishi ya programu, yale ninayoyaandika kwa mkono wangu kabla hayajawa programu, nikayahamishia kwenye ile kompyuta iliyo kuukuu zaidi kati ya mbili, nikaamua kuiunda upya pale pale, kwa maktaba zilizokuwamo. Mtandao wa zahanati ulikuwa umekatika tangu wachimba barabara walipokata waya, kwa hiyo niliunganisha simu yangu na kupakua vifaa vya uundaji vilivyolingana na umri wa mashine ile. Umeme ulikatika mara moja, nikaanza tena. Feni ya kompyuta ililia kama cherehani.

Ilikataa, bila shaka. Kalenda nzuri ya rangi niliyoitumia kuchagulia tarehe ilitoka katika toleo jipya, na huku haikuwapo. Niliing'oa. Nilikuwa nimeipenda kalenda ile, ilinichukua wiki mbili. Mahali pake nikaweka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Muuguzi mkuu alipopita na trei ya sindano alisimama nyuma yangu.

"Hivyo ndivyo ninavyoandika daftarini," akasema. "Ile ya rangi ilikuwa yanitia kizunguzungu."

Hakuwa ameniambia. Nami sikuwa nimemuuliza.

Alasiri programu iliundwa hadi mwisho bila kosa hata moja. Niliandika ile amri ya orodha. Kila maktaba ilikuwa na mahali pake mbele yake, mstari baada ya mstari. Kisha, kwa ajili ya kompyuta ya pili, nilizikusanya zile maktaba chache zisizo za kawaida nikaziweka kwenye folda moja pamoja na programu, na nikaiagiza programu ianze kutazama humo kabla ya kwingine kokote. Ikafunguka kwenye zote mbili. Muuguzi mkuu hakupiga kigelegele. Alikaa akaingiza watoto ishirini kutoka kwenye kurasa zilizoanikwa, akamfungua kila mmoja na kulinganisha tarehe kwa kidole, wa kwanza hadi wa ishirini.

"Sawa," akasema, akaenda kuvaa viatu vyake vya nyumbani.

Ijumaa kamati ilikaa. Mtaalamu alikuwapo na vipeperushi vyake vinavyong'aa. Niliwaonyesha. Mwenyekiti alitaka kuona watoto waliokosa chanjo ya pili, nikabonyeza, orodha ikaja.

"Leo yafanya kazi," mtaalamu alisema. "Kesho itakufa, na huyu dada ameolewa amehama. Mtamwita nani?"

Nilikuwa nimekwisha kunyamaza siku ya Jumatatu. Mara moja yatosha.

"Ikifa nitaifufua," nilisema. "Na kama sipo, kila inachokitegemea nimekiandika, na mahali kilipo, kwa Kiswahili, karatasi ziko kwenye kabati la dawa. Yeyote anayejua kusoma ataifufua. Ya kwako inategemea nini?"

"Hayo ni mambo ya ndani ya kampuni."

"Basi ya kwako ikifa, sisi hatutajua hata jina la kilichoiua."

Mzee mmoja wa kamati aliguna. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani kana kwamba nimekosa adabu, na huenda nilikosa. Sikuinamisha macho. Muuguzi mkuu, ambaye kwenye vikao husema ya dawa tu, alisema: "Mimi hii naijua. Hiyo nyingine siijui." 

Hawakununua kompyuta mpya. Wala hawakunishukuru. Kwenye kumbukumbu za kikao waliandika kwamba programu ya karani itatumika kwa majaribio. Nilimwendea mwenyekiti nikamwomba aliondoe neno majaribio. Akakataa, akasema, binti, usiwe na haraka. Mpaka leo neno lile limo humo, na mpaka leo daftari letu ni ile programu. Mimi bado naitwa karani.

Lakini kuna jambo moja nililofanya bila kumwomba mtu. Chini kabisa ya dirisha la programu palikuwa na nafasi tupu. Jumatatu iliyofuata niliandika pale kwa herufi ndogo: imeundwa Changamwe, kwenye mashine hii hii. Mwenyekiti aliona baada ya miezi miwili akasema ni majivuno, niyafute. Nikamwambia sitayafuta. Alisubiri nieleze zaidi.  Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi apishwe, na mama wa kwanza wa siku hiyo alikuwa tayari dirishani na kadi mkononi, nikamgeukia yeye.