Midomo ya Zilpah

Zilpah hajui kutulia. Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja katika nyumba ya kulelea wazee hapa Birmingham, na sikumbuki hata siku moja aliyomaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Atakunywa huku anapanga mito, anafungua dirisha, analifunga tena. Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba ujanani alikuwa mcheza filamu, tena si wa kupita nyuma ya wenzake bali ule uso wenyewe uliobandikwa kwenye kuta za Nairobi, nilicheka. Mtu kama huyu angesimamaje mbele ya kamera hata dakika mbili?

Lakini alisimama. Kati ya mwaka 1974 na 1979 alicheza filamu tano, zote za Bwana Kewal, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa na kamera moja na madeni mengi. Kewal alimkuta akikata tikiti mlangoni mwa sinema, akamwambia uso wake unapokea mwanga vizuri. Sauti yake hakuitaka. Kamera ilikuwa kuukuu, ikinguruma hata maneno ya waigizaji hayanasiki, basi picha zilipigwa kwanza na sauti zikatiwa baadaye studioni. Kiswahili cha Zilpah, binti wa Kisii, kilikuwa kikimfanya Kewal ashike kichwa, naye akamtafuta mwanamke wa Mombasa wa kumsemea. Filamu tano, na hakuna mtazamaji aliyewahi kumsikia Zilpah mwenyewe. Mimi jambo hili linaniudhi mpaka leo, ingawa yeye alishalizoea.

"Kewal alikuwa anatuambia, just move the mouth," alinieleza. "Sema chochote, bora urefu utoshee. Basi mimi nikawa naongea Kikisii changu. Kuna mahali namwambia mchumba wangu ananuka vitunguu, na watu huko sinema wanalia machozi."

Kewal alipofilisika, Zilpah alirudi kukata tikiti, akaolewa, akafiwa na mume, akaja Birmingham. Aliyemleta ni mdogo wake, Alfayo, aliyetangulia kuja na kupata kazi ya kukandamiza mabati kwa mashine katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Nechells. Alfayo alikaa kwenye zile mashine miaka kumi na minane, na kelele zake zikamla masikio. Siku hizi hasikii karibu chochote. Anasoma midomo, kama walivyozoea kuzungumza wao kwa wao kiwandani, na anaisoma vizuri kuliko wengine wetu tunavyosikia. Ukitaka kumwambia neno, mtazame usoni. Kila Jumamosi anampelekea dada yake sukuma wiki kutoka kwenye kishamba chake cha kukodi, karibu na nyumbani kwake Hodge Hill, na sijaona ndugu wanaopendana namna ile.

Mwezi wa kumi mwaka jana alikuja mwalimu mmoja wa chuo, Dahir, Msomali aliyekulia Eastleigh, mtu wa makamo anayekusanya filamu za zamani. Watoto wa Kewal walikuwa wamempa kopo lililokaa darini miaka na miaka. Ndani yake mlikuwa na filamu ya tatu ya Zilpah, hadithi ya mke wa karani anayefiwa na mumewe, pamoja na karatasi za maneno aliyoyaandika Kewal.

"Auntie, picha iko sawa kabisa," Dahir alimwambia, "lakini sauti yote imeharibika. Nataka tui-screen hapo kwenye hall ya Bordesley Green, na wewe mwenyewe ukae na mic, uongee part yako live. Wale wengine nitawasoma mimi."

Zilpah alinipigia simu jioni ile anacheka peke yake. Ana miaka sabini na mitatu na hatimaye atasikika. Nilidhani furaha ile itamkalisha kidogo. Wapi. Mwezi mzima uliofuata alishona mapazia, akayafumua, kisha siku moja akapanda basi mpaka kwangu bila kuniarifu, akanywa maji, akaondoka. Nilimfuata kwake kesho yake nikamkuta anamenya viazi ambavyo watu kumi wasingevimaliza.

"Mama Edah, una nini?" nikamuuliza, nikimwita kwa jina la mtoto wake kama tulivyozoea kazini.

Akaniambia bila kuacha kumenya. Mama yao alifariki mwezi wa tatu mwaka 1977. Telegramu ilimfikia Zilpah Jumanne, na maziko yalikuwa Alhamisi. Taa za kukodi za Kewal zilikuwa zinarudishwa Alhamisi hiyo hiyo jioni, na onyesho la mwisho la filamu lilikuwa bado kupigwa. Zilpah akabaki. Alipofika Kisii wiki iliyofuata alisema telegramu ilimfikia Ijumaa. Wajomba hawakumwamini, wakataka asikanyage tena pale nyumbani. Alfayo, mtoto wa miaka kumi na miwili, alisimama kikaoni mbele ya wazee akasema dada yake hasemi uongo. Kwa ajili ya yule mtoto wakamwacha.

"Sasa lile onyesho la mwisho," akasema, "tulilipiga hiyo Alhamisi. Kewal aliniambia nimlilie mume wangu. Mimi nilikuwa naongea na mama. Kwa Kikisii, wewe Nyambura. Hapo Bordesley Green nitasoma maneno ya Kewal kwa mic, lakini Alfayo hasikii mic. Alfayo anasoma mdomo."

Nilimwambia amweleze kabla ya siku yenyewe. Akasema amejaribu Jumamosi tatu, na kila mara anaishia kuongea habari za sukuma. Nilimwambia amwombe Dahir alikate onyesho lile. Alikwisha kumwomba, na Dahir akajibu kwa heshima zote kwamba bila onyesho hilo, filamu haina maana. Mwisho akamwambia Alfayo kwamba siku ile ni ya akina mama peke yao. Alfayo akacheka sana, akaenda kununua tai.

Ukumbi ulijaa. Wakenya, Watanzania, Wakongo kadhaa, watoto wanaoulizana kwa Kiingereza kwa nini picha haina rangi. Alfayo aliketi mstari wa mbele na tai yake. Nami niliketi na Kwamboka, mwenzetu wa kazini, Mkisii pia. Taa zikazimwa, Zilpah wa miaka ishirini na sita akatokea ukutani, na Zilpah wetu akamsemea. Kiswahili kile kile kilichomshikisha Kewal kichwa. Watu walicheka palipostahili, wakanyamaza palipostahili. Nililia, sioni haya kusema. Alfayo naye alikuwa akitabasamu, na mara mbili tatu alicheka peke yake mahali ambapo hakuna mwingine aliyecheka. Hapo nikajua anasoma kila kitu.

Onyesho la mwisho likaja. Mke wa karani amepiga magoti kando ya kitanda cha marehemu, uso wake umejaa ukuta mzima. Zilpah aliinua karatasi yake. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa ameshanyoosha shingo mbele. Akaiweka karatasi chini, akaanza kusema Kikisii, neno kwa neno, akiifuata midomo yake mwenyewe. Dahir aligeuka kunitazama. Ukumbi ulidhani ni sehemu ya filamu.

"Anasema, mama, leo wanakuzika na mimi niko hapa," Kwamboka alininong'oneza. "Anasema habari aliipata Jumanne. Anasema, Alfayo, ukitupa udongo, nitupie na wangu."

Taa ziliwashwa, watu wakapiga makofi. Alfayo alikwenda mbele kwa dada yake. Huwa anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu hajisikii, kwa hiyo tulimsikia sote.

"Nilitupa mara moja tu," alisema. "Nilikuwa mtoto. Hakuna mtu aliniambia nitupe na wako."

Zilpah akaanza kumjibu, lakini Alfayo alikuwa ameshageuza uso upande wa ukuta. Zilpah akazunguka, akasimama mbele yake. Alfayo akageuka tena. Zilpah akazunguka tena, bado anasema. Mara ya tatu Alfayo hakugeuka. Alifumba macho. Zilpah akabaki amesimama pale akingoja ayafumbue, na nyuma yetu watu wakaanza kukusanya viti.